Meneja Aliyehama na Hisa za Ndugu Wawili

Mtu mmoja alikuwa na hisa katika kiwanda cha chai huko milimani. Alipofariki, aliwaachia hisa hizo wanawe wawili, Ambwene na dada yake Tusajigwe. Urithi mwingine hawakuwa nao. Mama yao alikuwa amevunjika nyonga, na daktari alikwisha kusema kwamba akichelewa kupasuliwa hatasimama tena.

Kiwanda chenyewe kilikuwa taabani. Mashine ziliharibika kila mara, wakulima walicheleweshewa malipo. Bei ya hisa ilikuwa imeshuka, ila bado zingetosha gharama za hospitali. Ndipo ikatangazwa kwamba meneja mkuu, Bwana Mwaipaja, anahamia kampuni nyingine.

Watu wakachanganyikiwa. Wengine walisema mwenye nyumba akihama ujue paa linavuja. Wengine walisema yeye ndiye aliyekuwa akikitafuna kiwanda, akitoka, kitapona. Asubuhi hisa zilishuka, jioni zikapanda kidogo, na hakuna aliyejua sababu. Ambwene aliamka akitaka kuuza, akalala akitaka kubaki nazo. Dada yake aliamka akitaka kubaki nazo, akalala akitaka kuuza. Hivyo hawakupatana.

Mwishowe walimfuata meneja mwenyewe, wakamkuta kwenye geti la kiwanda akipakia vitu vyake garini.

“Shikamoo, Mzee,” akasema Tusajigwe. “Tuambie kweli. Wewe hisa zako umezifanyaje?”

Yule mzee aliinamisha kichwa. “Nusu nimeuza, nusu nimebaki nazo. Hata mimi sijui, wanangu.”

Walirudi wakibishana njia nzima. Ambwene alishika kwamba meneja ameuza. Tusajigwe alishika kwamba hajauza. Wala hawakuwa wameona, walipokuwa wamesimama pale getini, matrekta ya wakulima yakipita na majani mabichi ya chai bila kuingia, yakielekea kiwanda cha bonde la pili. Wakaamua kumsubiri meneja mpya, wapate kumsoma uso.

Alipofika, moto wa kukaushia chai ulikuwa umekwisha kuzimwa, na hisa zile hazikuwa na mnunuzi. Mama yao hakusimama tena.

Basi niambieni, ndugu zangu: mtu anapoondoka, kwa nini macho yetu humfuata yeye, badala ya kubaki yakitazama kile alichokiacha?