Sabuni ya Bi Mwanamvua

Hapo zamani, wala si zamani ya majini, ni ile ya juzijuzi watu walipoanza kununua vipande vya kampuni kama wanunuavyo mafungu ya dagaa, Tanga palikuwa na mjane akiitwa Bi Mwanamvua. Aliuza shamba lake la minazi, akawaita wanawe wawili, Mhina na Kidawa, pamoja na Semboja, mume wa Kidawa. Akasema, "Pesa hii haitoshi kwenda Hija. Izalisheni, niende nikiwa bado na magoti ya kusujudia."

Mhina, kifungua mimba, alikuwa amesoma mambo ya fedha, na hakuacha mtu asahau.

"Mama, kiwanda cha saruji kinatoa gawio kila mwaka, dogo lakini la uhakika. Kiwanda cha sabuni kina madeni hadi shingoni, na hisa zake zimeshuka bei. Lakini penye hatari ndipo penye faida. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Cha saruji kitanifikisha Makka lini?"

"Labda miaka kumi."

"Basi inameni," akasema mama.

Wakainama. Wakanunua hisa za sabuni.

Mwaka ukapita, bei ikazidi kushuka. Mhina akachekelea: "Hatari imeongezeka, basi na faida inaongezeka!" Mama hakucheka. Akamtuma Kidawa kwenye mkutano wa wanahisa. "Kaulize neno moja tu, mwanangu: madeni yamefikia wapi?"

Kidawa akaenda. Akapewa biriani, nusu kuku, mwavuli, na kanga iliyoandikwa "Ukiwa nasi utang'aa". Mwenyekiti alipouliza nani ana swali, mdomo wa Kidawa ulikuwa umejaa. Akarudi nyumbani akasema, "Mama, kampuni inayolisha ukumbi mzima itakosaje pesa?"

Naye Semboja alikuwa mtunza ghala wa kiwanda hichohicho. Mshahara hakuuona tena. Alilipwa katoni za sabuni. Kila Ijumaa alimpelekea mkwewe katoni moja, akaiweka mlangoni, akainamisha kichwa, akaondoka. Bi Mwanamvua akawatambia majirani, "Kampuni yangu ina baraka, sabuni inafurika hadi kwangu!" Semboja alisikia, akanyamaza.

Kisha kiwanda kikafungwa. Waliokidai wakachukua mitambo. Wenye hisa wakabaki na mwavuli.

Bi Mwanamvua alilia, masikini, alilia kweli, na machozi akayafuta kwa kanga ya kung'aa. Alipomaliza akawaita.

"Mmoja wenu atauza chake, mimi niende Hija. Mhina ana kiwanja. Kidawa ana duka la nguo. Semboja ana ng'ombe wake wa maziwa. Haya, jiteteeni."

Mhina akasema, "Mimi sikuficha kitu. Nilisema kina madeni, nikasema ni hatari. Hesabu zangu zilikuwa sahihi, kiwanda ndicho kilichokosea."

Kidawa akasema, "Mimi kampuni sikuichagua. Na hata ningeuliza, yule mwenyekiti angesema kweli? Biriani ile haikupikwa ili watu waulize maswali."

Semboja akasema huku akitazama chini, "Mama, mkwe haingii kwa mkwewe na habari za aibu, ndivyo nilivyolelewa. Tena ningesema, ungeuza hisa, na wengine wangeuza, kiwanda kingefungwa mapema, nami ningekosa hata hiyo sabuni."

Hapo Kidawa akanung'unika, "Na aliyetuambia tuiname, yeye hauzi kitu?"

"Mimi," akasema Bi Mwanamvua, "nimeshauza minazi."

Hadi leo wote wanangoja hukumu yenu, nyinyi mliokaa hapa mkinisikiliza. Lakini msiniambie wachangiane sawasawa, maana hilo ni jibu la mtu mwenye biriani mdomoni. Mama wa watu anazeeka, na magoti yameanza kumuuma. Je, nani auze chake?