Vigae Chini ya Jiwe la Mpaka

Wapokezi wa habari za waja wema wametufikishia kwamba hapo kale, katika nchi ya Wajerumani, palikuwa na kijiji kiitwacho Hollerwinden, nyumba kumi na tisa na kanisa dogo. Watu saba wa kijiji hicho waliapishwa kulinda mipaka ya mashamba. Kila walipokita jiwe la mpaka, walizika chini yake vigae kwa mpangilio walioujua wao tu. Hata wake zao hawakuambiwa.

Ukaja mwaka wa tauni, sita kati yao wakafariki. Akabaki Mzee Veit, mcha Mungu, mwenye mke na binti mmoja, Apolonia, aliyekwisha kuposwa. Wakaapishwa sita wengine, ila walikuwa hawajafundishwa bado ile alama ya vigae.

Majira ya kuchipua, mto ukafurika ukang'oa jiwe lililotenga shamba la Veit na la Bibi Kunigunda, mjane aliyeishi peke yake. Tope likafunika kila kitu. Kilichogombaniwa ni kipande cha bondeni chenye rutuba kuliko vyote. Mwenye kukipata angeshiba, na wakwe wa Apolonia walikuwa wamekitolea macho.

Wakachimba pale wengi walipodhani ndipo, upande wa mjane, wakakuta vigae. Watu wakapumua, wakasema ndiyo yenyewe, kipande ni cha Veit. Veit akainama akatazama. Vilikuwa vipande vya chungu kilichovunjika, vimetupwa ovyo. Nafsi ikamnong'oneza kwamba hajasema uongo wowote, anyamaze tu basi. Na tusijifanye watakatifu hapa, nafsi hiyo tunaijua sote.

Bibi Kunigunda akasema kwa upole, "Imetosha, jirani. Ukiona wewe ni sawa, mimi nimeridhika."

Maskini Veit! Laiti yule mama angemtukana, ingekuwa nafuu. Machozi yakamlengalenga, akasema, "Umeridhika kwa sababu unaniamini. Hii siyo alama. Njooni mchimbe huku kwangu."

Wakachimba ndani ya shamba lake, hatua moja baada ya nyingine, mkewe akitazama. Kwenye hatua ya ishirini na sita, Veit akapiga magoti, akafuta udongo kwa kiganja, akasema, "Hii hapa." Kipande chote cha bondeni kikawa cha mjane.

Ndugu zangu, msingoje niwaambie kwamba alifukua dhahabu. Hakufukua. Wakwe walivunja uchumba, Apolonia akaenda kufanya kazi katika nyumba za watu. Majira ya baridi walikula mizizi, na mkewe alikaa wiki nzima bila kumsemesha. Veit alisubiri, akasali, akala alichopewa.

Lakini wapokezi wanasema hivi: miaka iliyofuata, mpaka ulipopotea, Veit aliitwa, akatembea, akasimama mahali akanyoosha kidole. Wenye mashamba wakavua kofia, wakakita jiwe palepale. Hakuna aliyetaka kuchimba kuhakikisha.

Mwenyezi Mungu atupe moyo wa namna ile. Maana wenye kuapa kwa jina lake tuko wengi, tena kwa sauti kubwa. Ni nani kati yetu atakayenyoosha kidole, na jirani yake asishike jembe?