Fundi Aliyepiga Bastola Mbali Kuliko Mwezi

Wapendwa, walikuwako mafundi wawili ambao kazi yao ilikuwa mbali kuliko mwezi. Huko hapana juu wala chini. Jua linawaka, na mbingu bado ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Nyota zimetulia tuli, hazipepesi, maana hakuna hewa ya kuzitikisa. Mtu akitazama kule hujiona mdogo kuliko punje ya ulezi.

Walikaa miezi mitano ndani ya chombo chao, wakila meza moja. Ikatokea mtambo wa hewa ukaharibika, wakakaribia kufa wote wawili. Fundi mdogo akautengeneza kwa mikono yake, siku mbili bila usingizi. Mkubwa akaitangazia dunia kwa redio, "Nimeutengeneza." Hakumtaja mwenzake. Jina la mtu, wapendwa, si kitu kidogo. Mdogo aliapa moyoni: huyu harudi nyumbani.

Chomboni ilikuwamo bastola. Naita bastola, si bunduki. Wamo humu kanisani askari wastaafu, watanisahihisha. Iliwekwa kwa ajili ya siku ya kurudi, wasije wakatua porini penye simba. Mdogo akaificha katika mfuko wa vifaa. Walipotoka nje kufanya kazi, kila mmoja alifungwa kwa kamba, asipotee. Mdogo akaifungua ya kwake ili isimzuie, akajisukuma kwa ncha ya mguu amwendee mwenzake kwa nyuma.

Alikosea kidogo tu. Akapita juu ya kichwa cha mwenzake, akapita mlango, akakipita chombo chenyewe, na hapakuwa na cha kushika. Nani atamsimamisha mtu mahali ambapo hakuna hata upepo? Alikwenda polepole, kama jani kwenye maji yaliyotuama, lakini alikwenda.

Hapo angeweza kuita. Hakuita. Alinyoosha mkono, akamlenga mwenzake, akapiga.

Mnadhani baruti haiwaki pasipo hewa? Inawaka. Imebeba ndani yake kila inachohitaji ili iwake, kama chuki. Risasi ilitoka bila mlio; alihisi mshtuko mkononi, basi. Ilipita shubiri moja kando ya bega la yule mkubwa, naye hakujua. Kwenye redio za kofia zao alisikika akiendelea kuimba taratibu wimbo wa shuleni kwao, hakukosea hata neno. Lakini risasi ilipokwenda mbele, ilimsukuma mpigaji nyuma. Sasa alikwenda kwa kasi zaidi, tena akizunguka kama pia: chombo, giza, chombo, giza, na kila chombo kiliporudi machoni kilikuwa kidogo zaidi.

Ndipo akaogopa.

"Fundi! Fundi, nimeachana na chombo."

Wimbo ukakatika. "Umeachanaje? Kamba yako naiona hapa, nzima."

"Niliifungua."

"Unafungua kamba huku? Ulikuwa unakwenda sokoni? Una nini mkononi?"

Angesema nini? "Bastola."

"Umemwona simba?"

Mdogo akatazama kipimo kifuani mwake. Hewa aliyobakiwa nayo ilikuwa ya saa moja.

"Ina risasi ngapi?"

"Saba."

Mkubwa alijivuta kwa kamba yake hadi ukingo wa chombo. Kisha akasema, "Haya. Ishike kwa mikono miwili katikati ya kifua, mdomo wake utazame mbele. Nitakuangalia unavyozunguka. Ukinipa mgongo nitasema 'sasa', nawe upige."

"Nikupe mgongo?"

"Ukinielekezea mimi, unakwenda zako milele. Nipe mgongo, ndugu yangu, upige kule kusiko na mtu."

Je, wewe ungeweza? Kumpa mgongo mtu uliyetoka kumlenga, na kungoja neno lake? Akaligeukia giza.

"Sasa!" Akapiga. "Sasa!" Akapiga. Baada ya ya tatu mkubwa akasema, "Umesimama." Baada ya ya nne, "Unakuja." Akazimaliza zote; ya mwisho akaambiwa aishikie bastola usawa wa bega, na mzunguko ukatulia. Akarudi kinyumenyume, haoni aendako, mbele yake nyota zisizohesabika na ukimya ambao hakuna sikio lililouzoea, mpaka mkono ukamshika mkanda.

Walipoingia ndani na kuvua kofia, mdogo alisema, "Hukuniuliza nilitoka nayo kwa nini."

"Bastola ile huingia risasi nane," mkubwa alijibu. "Uliposema saba, nilijua."

"Ukajua, na ukanivuta?"

"Nilijua pia kwamba usingeweza kurudi bila kuigeuza."

Wapendwa, sisi tunakaa humu tumelengana. Hatuna bastola, tuna maneno, na salamu tunazonyimana. Tunapiga, halafu tunashangaa mbona nyumba ya Mungu inazidi kuwa mbali nasi. Nani anatusukuma? Na huyo tuliyemlenga, mara nyingi ndiye peke yake aliyesimama mahali pa kutuona na kutuambia "sasa".

Mkate na divai viko mezani. Sitavigusa bado. Yuko mtu ambaye umemlenga mwaka mzima, na labda mmekaa benchi moja asubuhi hii. Inuka, umwendee. Mimi ni mzee, nimezoea kungoja.