Mhuri wa Afande Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba na milango ya komeo, aliishi Kindi, mjane mwenye mtoto mmoja, Mwanakheri. Asubuhi moja Fisi alimtia mtoto huyo kapuni, pu, akamfungia nyumbani kwake awe akimkuna mgongo.

Kindi alikimbilia kituoni. Afande Kifaru alikuwa akinywa uji.

"Afande, mwanangu ameibwa. Yuko kwa Fisi, nimemsikia akilia."

"Fomu ya kuibwa hujazwa na aliyeibwa," alisema Kifaru. "Mlete aweke dole gumba."

"Ningeweza kumleta, ningekuja kwako?"

"Mama, usinifundishe kazi. Bila fomu sigongi mhuri, na bila mhuri hatoki askari hapa."

Nyumbani, Kindi alikuta ndugu wametandika mikeka na sufuria ziko jikoni.

"Pole, wifi," alisema dada wa marehemu mumewe. "Tukae matanga siku tatu au saba?"

"Mwanangu hajafa, wifi."

"Najua. Lakini wali umeshaiva."

Fisi naye alikuja kutoa pole. Alikula sahani tatu, akaomba na ya kubeba.

Kindi alijitenga, akamwomba Mola wake. Hakuomba kirefu. Alirudi kituoni, akapenya dirishani, chururu, akauchukua mhuri mezani Kifaru akisinzia. Akakimbia mpaka kwa Fisi. Mlango ulikuwa mzito, hakuuweza, ila chini palikuwa na upenyo. Akausukuma mhuri ndani.

"Mama?" sauti iliuliza.

"Tulia, mwanangu. Serikali inakuja."

Akarudi kumwamsha Kifaru. "Afande, mhuri wako uko kwa Fisi."

Uji ulimwagika. Fomu haikuulizwa. Kifaru na askari wake, Nyati na Tembo, walitoka mbio, gudu gudu gudu, wakauvunja mlango. Kifaru aliuokota mhuri, akaukumbatia, akalia machozi.

"Wamekuumiza?" aliuuliza.

Kisha akamwona Mwanakheri. "Na huyu ni wa nani? Hayumo kwenye fomu yoyote."

"Kama hayumo," alisema Kindi, "basi hakuna wa kunizuia nikimchukua."

Akambeba mgongoni, akaenda zake akimshukuru Mungu. Fisi alikamatwa mkekani, mdomo umejaa wali, akafungwa miaka saba kwa kosa la mhuri. La mtoto halikuandikwa popote.

Basi, wanangu, mtu akikwambia mtoto wake haonekani, inuka kwanza. Maswali utamuuliza njiani.