Nguzo ya Katikati na Muhuri Mmoja

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na hospitali katika mji mmoja wa kusini, huko kwenye korosho. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi moja ya wazazi, na kitanda kimoja kililaza wanawake wawili, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Nasema ninachokijua. Mwanangu wa kwanza nilimzaa hapo, na mwenzangu wa kitanda alinipiga teke la mbavu uchungu ulipompanda. Simlaumu, hata mimi nilimng'ata kidole.

Basi hospitali ikaamua kujenga wodi mpya, chini na ghorofa moja juu. Kazi ya kupiga hesabu za jengo akapewa Mama Nandonde, mhandisi, mwanamke mkali kama pilipili kichaa. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na macho yake yalikuwa yameshachoka. Ofisini kwake palikuwa na muhuri mmoja tu. Ramani isiyo na muhuri ule haikumwagiwa hata ndoo moja ya zege. Na kila alipotaka kuupiga, Mama Nandonde aliupulizia kwanza pumzi, huuu, wino ulainike, ndipo aushushe. Pumzi ile mjini ilijulikana. Ukiisikia, jambo limekwisha.

Chini yake walikuwa wahandisi watatu, na kila mmoja alikuwa na programu yake ya kompyuta ya kupimia majengo. Somoe alikuwa na programu nyepesi, iliyochora jengo zima kwa rangi nyekundu, kijani na buluu, na ofisini wakaiita Bi Harusi. Chilumba alikuwa na programu nzito, inayotoa ripoti ndefu ya kila hatua, wakaiita Mwalimu. Sijaona hakuwa na programu ya kununua. Alijitengenezea majedwali yake mwenyewe, akajumlisha kila kitu kimoja kimoja, polepole, na ile wakaiita Mkokoteni. Watatu hao walibishana kutwa kucha programu ya nani ni bora, mpaka mfagizi akawa anaanza kufagia chumba kingine.

Mama Nandonde akawaita. "Wanangu, mmenichosha masikio. Ramani ya wodi hii hapa. Kila mmoja apige hesabu kwa chombo chake. Nitakayeridhika naye ndiye nitakayemwachia muhuri huu."

Wakapiga hesabu. Siku ya majibu ikafika, na jambo lililotazamwa zaidi lilikuwa nguzo ya katikati, ile inayobeba mzigo mkubwa kuliko zote.

"Bi Harusi anasema nondo nne," akasema Somoe.

"Mwalimu anasema nondo nne," akasema Chilumba.

"Mkokoteni unasema nane," akasema Sijaona.

Wenzake wakacheka. Nane! Mama Nandonde akasema, "Wawili wameshuhudia, wa tatu apumzike." Akachukua muhuri. Akaupulizia, huuu.

"Mama, usipige!" Sijaona alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Shikamoo Mama, nisamehe, lakini usipige. Nimejumlisha uzito wote unaofika chini kwenye misingi yao. Jengo lao ni jepesi mno. Kuna kitu hakimo."

"Kitu gani?"

"Sikijui, Mama."

"Hukijui, na kiti changu umekiangusha!" Lakini muhuri akauweka mezani. "Nakupeni siku tatu."

Siku ya kwanza Sijaona akatafuta, hakuona. Siku ya pili akatafuta, hakuona. Siku ya tatu macho yakawa mekundu, naye hakuona. Mama Nandonde akasema basi, hospitali inasubiri, mashimo ya msingi yako wazi na mvua inanukia. Akachukua muhuri. Akaupulizia, huuu.

"Mama, usipige!" Huyo alikuwa Chilumba, ameingia mbio na karatasi mkononi. Siku zile tatu, wakati Sijaona akihangaika na majedwali, Chilumba alikuwa ameketi kusoma ripoti ya Mwalimu, mstari kwa mstari, ile ripoti ambayo wahandisi wote huichapa na hakuna anayeisoma. "Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, Mama. Kuta za ndani!"

"Kuta za ndani zina nini?"

"Programu imezihesabu kuwa ni za bodi nyepesi za jipsamu. Huko ilikotengenezwa, kuta za ndani ni bodi. Sisi hapa tunajenga kwa tofali za saruji, na juu yake plasta huku na huku. Na Bi Harusi naye ni vilevile, nimeangalia."

Somoe akafungua kompyuta yake. Ni kweli. Bi Harusi alikuwa amemwuliza mwanzoni kama kuta ni za bodi, na Somoe alikuwa amebonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtu anayepokea salamu za harusini.

Wakasahihisha. Bi Harusi akasema nondo sita. Mwalimu akasema nondo sita. Mkokoteni ukaendelea kusema nane, Chilumba akaupekua, na hapo Sijaona akaona haya mpaka shingoni, kwa sababu zile tofali za kuta alikuwa amezihesabu mara mbili, mara moja pamoja na sakafu na mara moja peke yake. Akaziondoa za ziada. Sita.

Jamani, raha iliyoje! Vyombo vitatu, jibu moja. Mfagizi mwenyewe akapiga makofi. Mama Nandonde akachukua muhuri. Akaupulizia, huuu.

Simu ikalia. Ni Somoe. Watu walikuwa hata hawajamwona akitoka. Alikuwa amechapa picha ya Bi Harusi, ile yenye rangi, akaipeleka saiti awaonyeshe mafundi, maana aibu ya kubonyeza ndiyo ilikuwa bado inamwuma.

"Mama, umeshapiga?"

"Muhuri uko hewani, mwanangu."

"Usipige, Mama! Niko hapa na fundi Mkwinda. Nimemwonyesha picha, akaiangalia, akaniuliza, 'Sasa mwanangu, hizi nondo za juu mbona zimeishia darini?'"

Enyi mnaonisikiliza, nani kwetu hajui? Nyumba ikiisha, juu ya paa tunaacha vichwa vya nondo vimesimama, vinangoja ghorofa ijayo. Tunaviacha hata kama ghorofa ijayo itajengwa na wajukuu. Ramani haikusema. Ramani ilichora mwisho wa jengo pale hela ya mwaka ule ilipoishia. Lakini matroni alikuwa ameshamwambia fundi Mkwinda aache nondo wazi, kwa sababu wodi ya watoto wachanga itakuja juu yake. Matroni anajua, fundi anajua, hata muuza maandazi wa getini anajua. Ofisini hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Somoe akaketi palepale juu ya kokoto, kompyuta mapajani. Bi Harusi ana mengi, lakini mvivu si yeye. Kabla chai ya mafundi haijapoa, jibu likatoka. Msingi utanuliwe, na nguzo ya katikati iwe na nondo nane.

Nane!

Mama Nandonde akapuliza mara ya nne, huuu, na safari hii hakuna aliyemzuia. Muhuri ukashuka. Msingi ukatanuliwa, zege likamwagwa, mvua ikaja nyuma yake na kukuta kazi imekwisha.

Sasa watatu wakasimama mbele ya meza.

Sijaona akasema, "Mama, muhuri ni wangu. Mara ya kwanza nisingepiga kelele, leo tungekuwa na nondo nne na msiba. Na namba iliyojengwa ni ileile niliyoitaja mimi, peke yangu, siku ile mliponicheka."

"Uliitaja kwa kosa, kaka," akasema Somoe. "Umebahatisha. Nguzo haijengwi kwa bahati."

Chilumba akasema, "Mama, muhuri ni wangu. Kelele ya Sijaona haikuwa na jina. Mimi nilikwenda nikalisoma lile kosa, nikalileta na namba ya ukurasa. Na kosa la Sijaona nalo nililiona mimi."

"Na nondo nne za siku ya kwanza zilikuwa za nani?" akauliza Sijaona. "Ripoti ilikuwa kwako tangu mwanzo. Uliifungua baada ya kiti changu kuanguka."

Somoe akasema, "Mama, muhuri ni wangu. Ninyi wawili mlitafuta kilichomo kwenye kompyuta. Kilichotaka kutuua hakikuwamo. Kilikuwa kinywani mwa fundi Mkwinda, na mimi ndiye niliyekwenda kukisikiliza."

"Wewe uliyebonyeza ndiyo bila kusoma?" akasema Chilumba. "Ukiwa na muhuri, utaupiga vivyo hivyo!"

Mama Nandonde akauinua muhuri, akauangalia kwa macho yake yaliyochoka. Akauweka katikati ya meza. "Mimi mwenyewe," akasema, "mara tatu niliupulizia, na mara tatu nilikuwa ninakosea. Kwa hiyo sitaki kukosea mara ya nne. Ngojeni nilale."

Wasikilizaji wangu, miaka sita baadaye niliingia wodi ile kumzaa mwanangu wa tatu. Kitanda kilikuwa changu peke yangu. Nilinyoosha miguu mpaka ikafika mwisho, na hapakuwa na mbavu za mtu. Baada ya kujifungua nikasikia juu yangu, gu, gu, gu. Nikamwuliza nesi, akasema, "Usihofu dada, mafundi wanapandisha tofali za wodi ya watoto wachanga." Nguzo ya katikati ilikuwa karibu na kitanda changu. Niliipapasa kwa kiganja. Haikuwa na ufa hata wa kupitisha unywele. Moyo wangu ukatulia kabisa, nikamkumbatia mtoto, nikalala chini ya tofali zile usingizi ambao sijaupata tena.

Nilipoamka nilitaka kusema ahsante, nikakwama, maana sikujua niitaje jina gani. Aliyepewa muhuri namjua, na leo hamtanitoa jina hilo hata kwa koleo. Wala msiniambie wagawane, muhuri haukatwi kwa msumeno.

Semeni ninyi. Yupo aliyezuia bila kujua sababu, na namba yake ikawa sahihi kwa kosa. Yupo aliyeisoma sababu, lakini kwa kuchelewa. Yupo aliyeuliza watu, baada ya kutosoma kitu. Je, nani alistahili muhuri, na mimi nimshukuru nani?