Nani Alimvusha Lusajo?

Hivi wewe, umewahi kusifiwa kwa jambo ulilolifanya usingizini? Basi nyamaza usikilize.

Hapo zamani, si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi yenye harufu ya petroli, walikuwapo mawifi wawili kule Tukuyu, Subilaga na Tusekile. Subilaga aliolewa na Lusajo. Tusekile alizaliwa naye tumbo moja. Lusajo alishuka kusini kutafuta kazi, akafika hadi pwani ya Namibia, akafia huko, akazikwa na watu wasiojua jina la mama yake.

Mama huyo, Bi Gwantwa, akasema, "Mwili nimewaachia. Udongo wa kaburi lake nautaka. Uje ulale migombani, ubavuni mwa baba yake."

Mawifi wakapanda skuta aliyoiacha marehemu nyumbani, Subilaga mbele, Tusekile nyuma. Malawi, Zambia, Botswana, Namibia. Kila mpaka ofisa aliuliza, "Nani dereva?"

"Mimi," alisema Subilaga.

"Na wewe?"

"Mimi ni macho yake," alisema Tusekile. "Mwenyewe anaendesha kama anasonga ugali."

"Wifi, shika kiuno, mdomo upumzike."

Wakachota udongo, mchanga kwa kweli, wakautia katika kopo la majani ya chai, wakaliweka kitini katikati yao, wakageuza. Sasa kila mpaka waliulizwa, "Mmebeba nini?"

"Mume wangu."

"Kaka yangu."

Maofisa walitazama kopo, wakavua kofia, wakagonga mihuri.

Wakaifikia tena Botswana, na safari hii wakaiacha lami, wakakata njia katikati ya bonde la chumvi lililokauka. Nchi nyeupe. Hakuna mti, hakuna jiwe, hakuna upande. Subilaga aliona skuta imesimama, na ardhi ndiyo inayovutwa polepole chini ya magurudumu, kama mkeka unaokunjwa. Upepo ulikuwa vuguvugu. Mgongoni alihisi joto la wifi yake, na kopo kati yao. Kisha akamwona Lusajo mbele, na shati lake la bluu, anatembea bila kugeuka. Akamfuata.

Alipofumbua macho, lami ilikuwa mbele yake. Akatazama nyuma: alama ya gurudumu ilikuwa imenyooka kama uzi, hadi upeo wa macho. Nyuma yake Tusekile akapiga miayo.

"Umeendesha, wifi."

"Umeniongoza, wifi."

Wakafika Tukuyu. Nyumba ilijaa watu, mawifi wakaisimulia safari. Bi Gwantwa akalipakata kopo, akasema, "Mkono mmoja tu ndio utakaomlaza mwanangu, mkono wa aliyemvusha ile nchi nyeupe. Ni nani?"

Subilaga akasogea mbele. Hakumzalia Lusajo mtoto. Hakuwapo alipokata roho. Akilikosa na hili, alikuwa mke wa nini, wa picha ya harusi?

"Ni mimi, mama. Mikono hii ndiyo iliyoshika usukani."

"Mikono bila macho ni miko tu," alisema Tusekile. "Mimi nilimwambia kushoto, nikamwambia kulia. Chumvi yote ile sikupepesa! Tembo akatokea, nikasema pinda, akapinda."

Wanawake wakaguna kwa mshangao.

"Tembo gani?" aliuliza Subilaga.

"Yule mkubwa."

"Hatukupinda hata kidogo, wifi."

Uongo wa Tusekile ulimchefua. Kisha akauona na wa kwake umekaa pembeni, kimya, umejitanda kanga safi. Angenyamaza tu, angeshinda.

"Mama," alisema, "nililala. Chumvi yote nililala. Nilijua wifi ndiye anayetuelekeza kwa mwili wake."

Tusekile akafunga mdomo, kwa mara ya kwanza tangu waondoke. Alipoufungua, sauti ilikuwa ndogo.

"Na mimi nililala, mama. Nilijua yeye yuko macho."

Bi Gwantwa akalitazama kopo mapajani mwake.

Haya, ninyi mnaojua kila kitu, amueni. Ni mke, aliyeshika usukani usingizini, akasema kweli iliyomnyima ushindi? Ni dada, aliyefuata kusema kweli kama alivyofuata njia nzima? Au ni yule wa kwenye kopo, ambaye katika watatu hao yeye peke yake hajakiri kwamba alilala? Je, nani alimvusha Lusajo?