Mhanga Aliyechimbia Wengine

Jamani, kisa kinabisha hodi!
Kipite ndani, tukisikie!

Hapo kale, kale sana, Mhanga alikuwa msimamizi wa wachimba mashimo mbugani. Kila masika yakikaribia, aliwaongoza Ngiri na Nungunungu kuchimba makazi ya wanyama wote. Udongo mgumu aliuanza yeye. Aliyechoka alimpumzisha. Aliyekosea alimwelekeza taratibu. Wakampenda, wakampenda kweli!

Lakini nyumbani alirudi amekunja uso.

Siku moja mkewe akamwambia, "Baba Siwema, dari la shimo letu limepasuka."

"Nimechoka. Niache."

Siku ya pili akamwambia, "Baba Siwema, udongo unamwangukia mtoto."

"Kazini hakuna anayenisumbua hivi! Nitalitazama kesho."

Siku ya tatu mkewe alimshika mkono tu, akamwonyesha juu. Mhanga akauchomoa mkono wake, akaenda zake kazini.

Adhuhuri mvua ikaja. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mhanga alikuwa anaziba ufa kwa Ngiri, mara Nungunungu akaja mbio.

"Mkuu! Shimo lako limetitia!"

Wakakimbia wote, wakachimba. Mhanga alichimba mpaka kucha zikatoka damu, huku akiita, "Mama Siwema! Mama Siwema!"

Wakamkuta mkewe amekufa, mgongo wake umebeba udongo wote. Chini ya kifua chake alikuwamo Siwema, mzima.

Mhanga akanyoosha mkono. "Njoo, mwanangu."

Mtoto akajificha nyuma ya Ngiri. "Baba ananigombeza!"

"Sikugombezi, mama."

"Sauti yako ndiyo hiyo hiyo."

Mhanga akaketi matopeni, akalia mbele ya wote aliowaongoza.

Baada ya maziko, Nungunungu akamwuliza, "Mkuu, kesho tuanzie wapi?"

"Kila mmoja aanzie kwake. Waulizeni wake zenu, waulizeni watoto, na wakijibu, wasikilizeni. Mimi sikusikiliza."

Kisha akaanza kumchimbia Siwema shimo jipya. "Hapa panakufaa?" akamwuliza. Mtoto kimya. Kesho yake akamwuliza tena. Kimya. Siku ya tatu, kwa mbali, akasikia kasauti: "Ongeza kidogo."

Mhanga akaongeza, machozi yakidondokea udongo.

Basi, ndugu zangu, ule upole unaowafanya watu wa kazini wakufuate, walio nyumbani kwako ndio wa kwanza kustahili kuupata. Wape wangali hai.

Nami nimeishia hapo. Mliosikia, wasimulieni ambao hawakuwapo.